Kumtibu Mraibu Palipo na Dhiki ya Mali

Tumeulizwa katika darasa letu la baada ya Alasiri suala hili: "Mtu ana kijana wake anayetumia unga. Baba mwenyewe ni mchukuzi wa mizigo, hana mali ila fungu lake katika nyumba ya urithi anayokaa na ndugu zake. Je, yafaa auze fungu hilo ampeleke mtoto kwenye nyumba ya matibabu ya kulipia? Na asipouza, afanye nini?"

Twajibu kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na twamwomba muulizaji atuwie radhi tukirefusha, kwa kuwa suala hili lilitupata sisi kabla ya kumpata yeye.

Miaka michache iliyopita alitujia mama mmoja wa mtaa wetu. Mwanawe alikuwa ametekwa na unga tangu yuko skuli. Bangili zake za dhahabu zilikuwa zimekwisha kwa waganga, wa kwanza akisema ni jini wa baharini, wa pili akisema ni jicho la jirani. Akatwambia, "Shekhe, sina tena cha kuuza ila mkufu wa marehemu mama yangu." Tukasimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tukachangisha, na fedha zile pamoja na thamani ya mkufu zikatosha kumtia kijana katika nyumba ya matibabu kwa siku 90. Alirudi amenenepa, kanyoa, anasali safu ya mbele. Tulifurahi mno, hata tukamtaja darasani kuwa mfano. Siku ya tisa akakutwa amekufa katika nyumba isiyomalizika kujengwa, na sindano iko mkononi. Tulimwosha sisi wenyewe.

Baadaye daktari mmoja alitufahamisha jambo ambalo twalisema hapa ili lisimpate mwengine. Mwili wa mtu aliyeuacha unga kwa muda husahau kuuchukua. Kiasi alichokuwa akitumia zamani na kutembea nacho barabarani, akikirudia baada ya miezi mitatu humzuia pumzi na kumuua. Kwa hivyo siku za hatari kubwa ni zile za mwanzo baada ya kutoka, wakati jamaa wanapopika biriani ya shukrani. Katika waliochanga siku ile, nasi tukiwa wa mbele, hakuna aliyeuliza siku ya 91 itakuwaje. Tulikusanya mali na hatukukusanya maarifa.

Basi jawabu letu kwa muulizaji ni hili: asiuze. Atanguliza kwanza kujua mwanawe anatumia nini, kwani si kila uraibu una dawa moja, na tiba iliyo bora kwa mtumiaji wa unga hapa kwetu haiuzwi.

Tiba hiyo yaitwa methadoni. Serikali ya Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari mjini Nairobi, na mwaka 2015 ikafika Pwani kwa kuanzia Malindi, kisha Kisauni hapa Mombasa, na baadaye Kwale. Hutolewa bure. Ni dawa ya maji, mgonjwa huinywa mbele ya mwuguzi mara moja kila siku. Huanzwa kwa kipimo kidogo, kikapandishwa polepole mpaka arosto ikatulia: yale maumivu ya mifupa, kuhara, kutoka jasho na kukosa usingizi ambayo ndiyo yanayomtoa mtu nyumbani usiku akaibe sufuria ya mama yake. Methadoni hukaa mwilini mchana na usiku. Mwenye kupata kipimo chake sawasawa halewi, bali huweza kufanya kazi, kusali na kukaa na watoto wake. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2005.

Lakini si dawa ya wiki mbili. Wengi huitumia kwa miaka, na mwenye kuikatiza kwa haraka ili awaridhishe jamaa huwa amejirudisha pale pale palipomwua kijana wetu.

Hapa ndipo tusikiapo maneno barazani: "Mumemtoa kwenye kileo kimoja mumemtia kwenye kileo kingine, hiyo ni tauba gani?" Na baadhi ya wanaoyasema ni watu wa elimu. Sisi twawakumbusha kwa adabu kwamba mas'ala haya si mageni. Imamu Ibn Hajar al-Haytami, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi na aliyefariki Makka katika karne ya 10 ya Hijra, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni hata akawa akiikosa atakufa. Hakujibu kwa matusi. Alijibu kwamba ikijulikana hivyo kwa yakini, basi yaruhusiwa, bali ni wajibu aitumie kwa kuhifadhi roho yake, na ni juu yake aipunguze kidogo kidogo mpaka mwili usiihitaji tena. Ikiwa imamu huyu aliyasema hayo kuhusu afyuni yenyewe, tena pasipo tabibu wa kupima, vipi tutamkataza mgonjwa dawa iliyopimwa kwa tone, inayonywewa mbele ya mwuguzi? Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta matibabu, na tauba ya mtu haivunjwi na kikombe cha dawa.

Kwa kawaida mgonjwa hupitia kwanza kwa jumuiya zinazofanya kazi na waraibu mitaani, zikamwandikisha na kumtayarisha: Reachout na MEWA hapa Mombasa, na Omari Project upande wa Malindi. Huko pia hupata kupimwa maradhi yanayofuatana na sindano, kama ukimwi na homa ya ini. Asione haya mtu kwenda mwenyewe kuuliza, na aulize hali ilivyo siku hiyo, kwani sehemu kubwa ya huduma hii ilisimama kwa misaada ya nje, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake wengi waliingiwa na hofu. Jambo linalowahusu watoto wetu haifai liwe mikononi mwa wageni peke yao. Lakini hayo ni maneno ya siku nyingine.

Ikiwa anachotumia ni pombe, au vidonge vya usingizi, methadoni haimfai; na kuchanganya methadoni na vitu hivyo huua. Mlevi wa miaka mingi asifungiwe chumbani akanyimwa ghafula kwa kudhani ni kumtia adabu, kwa kuwa huweza kupatwa na kifafa na kuweweseka, na wengine hufa. Huyo apelekwe hospitali ya serikali apunguziwe chini ya macho ya daktari. Mwenye bangi au muguka hatari yake ya kuacha si ya namna hiyo; haja yake kubwa ni ushauri, kazi, na kutengwa na maskani. Asiyejua pa kuanzia apige simu 1192 ya NACADA, haina malipo. NACADA hiyo hiyo ina kituo cha matibabu Miritini.

Ama nyumba za kulipia, hatusemi zote ni mbaya. Ziko zenye madaktari na nidhamu, na ziko ambazo ni ukuta, kufuli na fimbo. Malipo yake hufika makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi. Kabla ya kutoa hata thumni, mzee aulize: je, nyumba hii imeidhinishwa na NACADA? Ni nani daktari, na huja lini? Mtumiaji wa unga akitoka hapa ataunganishwa na kliniki gani? Na je, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, inalipa chochote hapa? Mchango wake wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nao wasio na mshahara hutakiwa kuutoa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Ni fedha nyingi kwa mchukuzi, lakini ni kidogo kuliko fungu la nyumba. Nyumba isiyotaka kuulizwa maswali haya, mtu ashike njia arudi kwake.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Dawa ni bure, lakini njia ya kuifikia si bure. Mgonjwa lazima aende kila siku, Jumapili na Idi pia. Tukikadiria nauli yake ni shilingi 100 kwenda na kurudi, kwa mwezi ni 3,000, na huyu hana kazi, wala hakuna anayemwamini kwa kazi. Akikosa siku tatu mfululizo, hupimwa upya kabla ya kurudishiwa kipimo chake, kwa kuwa mwili umekwisha kulegea. Tumewaona vijana waliokuwa wamekwisha kutengenea, wakarudi maskani kwa kukosa nauli ya matatu. Sisi tulioweza kuchangisha fedha za siku 90 kwa Ijumaa moja hatukuwa tumefikiri kuchanga shilingi mia.

Na wenye mali wakiuliza kama zaka yafaa hapa, twasema: mraibu aliye fakiri au masikini amo katika mafungu manane, uraibu haumtoi. Lakini akiwa ni safihi asiyejua kuhifadhi mali, hapewi mkononi, bali hupokelewa na walii wake, akamtolea kidogo kidogo. Mwenye deni alilolichukua kwa maasi, kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imamu Nawawi ni kuwa hupewa akitubu. Tena hilo ni deni la haki, kama la duka la chakula au la hospitali. Anachodai muuza unga kwa kete zake si deni katika sharia, wala zaka haimlipi.

Kuna suala la Ramadhani, kwa kuwa dawa hunywewa mchana. Mgonjwa asiruke dozi kwa rai yake. Aulize kliniki kama saa yaweza kusogezwa, na isipowezekana, yeye ni mgonjwa na hukumu yake ni ya wagonjwa. Tafsili yake tutaisoma mwezi wa Shaabani inshaallah.

Muulizaji wetu alikuja tena juma lililopita na kijana wake, wakakaa nyuma karibu na mlango. Nyumba haikuuzwa. Tumeweka kisanduku kwa mweka hazina wa darasa, kwa ajili ya nauli tu, nacho hufunguliwa kila Jumamosi mbele ya watu wawili. Mpaka tukiandika haya vijana wanne wamo katika daftari, na nauli iliyopo yawatosha wanne hao mpaka mwisho wa mwezi. Wa tano ameleta jina lake jana.