Mafunzo Niliyopata: Mazoezi Yanayofuata Kalenda ya Alizeti

Kazi yangu ni ya kukaa. Nina duka dogo kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, hapa Ikungi, na kwenye kona ya duka kuna meza ya uwakala wa pesa za simu. Mteja wa kwanza hunikuta sijamaliza kufagia, wa mwisho hunikuta nahesabu floti. Katikati kuna watoto, shamba na kikoba. Ushauri wa mazoezi ninaousikia redioni unamhusu mtu wa Dar es Salaam mwenye jimu jirani na ofisi na Jumamosi isiyo na palizi. Haya ni ya huku kwetu.

1. Tafuta saa isiyo na mdai

Jioni ina wadai wengi: mboga haijapikwa, mtoto ana daftari mkononi, na yupo mteja anayekumbuka saa mbili kasoro kwamba alitakiwa kumtumia mama yake pesa. Alfajiri haina mdai. Ila jua letu huchelewa kuliko la pwani, na kuna miezi ambayo saa kumi na mbili kamili bado ni giza, huku malori ya Rwanda na Burundi yakipita kwa kasi. Kwa hiyo kwenye lami nakimbia upande wa kulia, niyaone magari yanayokuja kwa mbele. Penye nafasi naiacha kabisa na kushika njia za vumbi ziendazo mashambani. Na upepo wa Singida tunaujua wenyewe: anza kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi, pumzi ikiwa imekwisha, uwe unakusukuma mgongoni.

2. Watauliza nani amekufa

Huku mtu mzima akikimbia, hasa mwanamke, jambo limeharibika. Ama kuna mgonjwa, ama ng'ombe wameingia shambani. Siku za mwanzo mlinzi mmoja alisimama kabisa: "Mama, kuna msiba?" Madereva wa bodaboda nao walikuwa wakipunguza mwendo pembeni yangu, "Panda nikusogeze," na walisema kwa huruma ya kweli. Nadhani maswali kama haya huzuia watu wengi wa miji midogo kufanya mazoezi kuliko ukosefu wa muda. Muda tunao, tunautumia kukaa kibarazani.

Kilichobadilisha maswali hayo ni Alphonce Simbu, kijana wa Mampando, humu humu wilayani. Tarehe 15 Septemba 2025, sisi tukiwa tumelala usiku wa manane, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mshindi akaamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho. Katika mashindano hayo Tanzania haikuwahi kupata dhahabu kabla yake. Simbu mwenyewe alikuwa amesubiri sana: nafasi ya 5 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, shaba ya dunia jijini London mwaka 2017. Tangu ushindi ule, nikipita asubuhi naulizwa, "Mama, unamfuata Simbu?" Hilo ni swali zuri zaidi kuliko la msiba.

Lakini simfuati. Simbu ni mwanajeshi na mwanariadha, kukimbia ndiyo kazi yake. Mimi nina duka la kufungua saa moja.

3. Ratiba iende na jembe

Hapa ndipo ninapotofautiana na wataalamu wa redioni. Wanataka ratiba moja mwaka mzima: Jumatatu hivi, Jumatano vile. Ikungi haina mwaka mmoja, ina miwili ndani ya mmoja. Mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, tunapanda alizeti na mtama, kisha inakuja palizi, na siku za shamba mtu anarudi nyumbani mikono inatetemeka. Kumwambia mtu huyo aongeze kuruka kamba ni kumtania.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani inayopandisha mapigo ya moyo, na zaidi ya hapo, siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Nilipolipima shamba langu kwa kipimo hicho, nikaona misuli inashiba kuanzia Desemba hadi Machi. Mabega, mikono na mapaja hayadai kitu. Mei na Juni kuna kukata vichwa vya alizeti, kuanika, kupiga kwa fimbo na kupepeta. Huo nao ni mzigo wa mabega. Baada ya hapo jembe linaegeshwa ukutani, na kuanzia Julai hadi mvua irudi, mfanyabiashara kama mimi anaweza kukaa kitini karibu miezi mitano akidhani bado ni mkulima. Hiyo ndiyo miezi ya kukimbia, na ya pushapu za kushikilia kaunta ya duka.

Jembe lina upungufu wake pia. Linakukunja upande mmoja tu, halikunyooshi. Msimu wa palizi mimi sikimbii, nanyoosha: naning'inia kwenye tawi la mwembe, nalala chali na kuvuta magoti kifuani, kisha nainua kiuno polepole. Mama mkwe wangu aliangalia siku ya kwanza, akacheka, siku ya pili akaleta mkeka wake.

4. Dakika chache nazo zinahesabika

Zamani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulitaka mazoezi yaende angalau dakika kumi mfululizo ndipo yahesabiwe. Mwaka 2020 sharti hilo likaondolewa. Kwa mtu wa dukani ni habari njema: kwenda kwa miguu kuchukua mzigo, kuchuchumaa na kuinuka wakati mtandao umegoma. Na mtandao hugoma.

5. Faini ina nguvu kuliko tangazo

Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Wazo zuri, lakini mwezi ni mrefu, na Jumamosi ya pili hukutana na harusi. Sisi tulilipeleka kwenye kikoba. Kikoba tayari kina siku yake, katiba yake na faini zake, kwa hiyo tuliongeza kifungu kimoja: kabla ya kuhesabu hisa, wanachama wote tunatembea kwa kasi nusu saa, na asiyetokea analipa shilingi 500 kwenye mfuko wa jamii. Wenye umri wetu tunaimba nyimbo za mchakamchaka za shuleni, na hakuna aliyezisahau. Mweka hazina hasamehi mtu, hata akiwa dada yake wa tumbo moja.

6. Viatu

Raba za mtumba zinatosha. Zikunje: zikikunjika katikati kama kitambaa, ziache. Yebo-yebo ni za chooni.

7. Wiki ya msiba

Ukifika msiba mtaani, sikimbii. Naamkia kuchota maji na kupika, na usiku tunalala matanga. Hiyo wiki siidai wala siifidii. Wakishaondoka wageni wa mbali, siku ya kwanza natembea tu hadi mashambani na kurudi, siku ya pili nakimbia kipande na kutembea kipande, na siku ya tatu mlinzi ananiuliza tena habari za Simbu.