Ununuzi wa Gari Kuukuu kwa Matumizi ya Chama

Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Kila msimu wa viazi unapokaribia, vyama vingi vya Nyanda za Juu Kusini hurudia mjadala ule ule: je, chama kiendelee kukodi gari au kinunue lake? Mara nyingi mjadala huo huishia Mwanjelwa, penye maduka ya vipuri, mafundi, madalali na magari yaliyobandikwa tangazo la kuuzwa. Fedha zinazopelekwa huko ni jasho la wanachama. Gari likisimama njiani wakati wa mavuno, hasara haiwi ya chombo peke yake, bali na ya mazao yanayosubiri barabarani.

Kwanza ifahamike kwa nini gari la miaka mingi bado huuzwa kwa bei kubwa. Tanzania huagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, ambako sheria humtaka mwenye gari jipya dogo alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, hivyo wengi huona heri kuuza. Japani huendesha kushoto kama Tanzania, na usukani huwa upande unaofaa. Lakini gari lililokuwa rahisi huko hupanda bei likifika bandarini. Chini ya utaratibu wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, gari dogo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na juu ya jumla hiyo huwekwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tuseme gari limefika Dar es Salaam kwa thamani ya shilingi 10,000,000, pamoja na nauli ya meli na bima. Ushuru ni 2,500,000. Kodi ya asilimia 18 ya 12,500,000 ni 2,250,000. Gari sasa limefikia 14,750,000, na bado hazijahesabiwa gharama za bandari, usajili, na ushuru mwingine unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari. Ndiyo sababu lililokwisha kuingia nchini hushika bei hata likizeeka.

Wazee wanakumbuka hali ngumu zaidi. Kabla ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, tatizo halikuwa bei tu. Magari na vipuri vyenyewe vilikuwa adimu. Mazoea ya siku hizo ya kulifufua gari kwa kila njia yana heshima yake, lakini si hesabu nzuri ya biashara.

Hesabu ifanywe kabla ya safari ya Mwanjelwa. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila katibu aweke za chama chake. Chama kinapeleka magunia 1,500 kwa mwaka, na hulipa 6,000 kwa gunia kwa gari la kukodi: jumla 9,000,000. Kikinunua pikapu kwa 18,000,000 na kutarajia kuiuza kwa 8,000,000 baada ya miaka 5, uchakavu ni 2,000,000 kwa mwaka. Dereva 3,000,000. Mafuta 3,000,000. Matairi na matengenezo 2,500,000. Bima na ada mbalimbali 500,000. Jumla ni 11,000,000, yaani chama kimepoteza 2,000,000 kwa kuwa na gari lake. Likibeba magunia 800 zaidi ya majirani kwa bei ile ile, mapato ni 4,800,000. Toa mafuta 1,600,000, inabaki 3,200,000. Hapo hasara inageuka ziada ya 1,200,000. Hivyo swali la kuuliza mkutanoni ni kama gari litapata kazi ya kutosha, ndipo lifuate la uwezo wa kulinunua. Aidha, kubeba mizigo kwa malipo huhitaji leseni ya LATRA na bima inayolingana na kazi hiyo.

Ikiwa hesabu imekubali, mkutano mkuu uidhinishe ununuzi na kiwango cha juu cha bei. Kama fedha zitatokana na mkopo, deni lisivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Wajumbe wasiende sokoni na fedha taslimu. Dalali akiziona, majadiliano yamekwisha.

Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Katika baridi ya Mbeya ya mwezi Juni na Julai, injini dhaifu hujitangaza yenyewe. Mkaguzi aguse boneti kabla ya salamu kuwa ndefu: ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuiwasha, na inafaa kuuliza sababu. Moshi wa bluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto waweza kuwa maji yanayoingia ndani ya silinda. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa. Mfuniko wa oili ukiwa na utando kama maziwa, maji na oili vimekutana, na matengenezo yake si ya siku moja.

Mfumo wa kupoza injini upewe uzito wa pekee. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mahali hapo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Rejeta hustahimili kwa sababu mfuniko wake hushikilia kani ya ndani. Mfuniko mbovu au bomba lililopasuka huchemsha maji mapema. Hewa nyepesi ya milimani pia hupunguza nguvu ya injini isiyo na taabo. Gari lililopanda vizuri Dar es Salaam laweza kushindwa na mzigo ule ule kwenye njia ya Umalila.

Kwa sababu hiyo jaribio la kuzunguka soko halitoshi. Gari lipakiwe mzigo, lishuke mteremko wa Iwambi hadi Mbalizi, ambako breki zitapimwa, kisha lipande kurudi. Huko juu fundi asikilize klachi, giaboksi na difu, atazame kipimo cha joto, halafu alale chini akague chesisi. Kutu ya bodi husameheka. Chesisi iliyochomelewa katikati haisameheki kwa gari la mizigo. Tarakimu za kilometa zisiaminiwe peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Pedali zilizolika na kiti kilichobonyea husema kweli zaidi. Fundi huyo achaguliwe na chama, na alipwe ujira wake hata akisema gari halifai. Fundi anayelipwa ununuzi ukifanyika tu ni dalali wa pili.

Nyaraka ni nusu ya gari. Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na namba za chesisi na injini zilingane na zilizogongwa kwenye chuma. Herufi za namba ya usajili huonyesha gari liliandikishwa lini nchini, si liliundwa lini. Katibu ahakikishe kwa Mamlaka ya Mapato kwamba kadi ni halali, na kwa polisi kwamba gari halitafutwi wala halina faini. Muuzaji akisema kadi “iko benki”, huenda gari ni dhamana ya mkopo. Asilipwe mpaka mkopeshaji aliachie kwa maandishi. Mkoa ukiwa jirani na mipaka ya Tunduma na Kasumulu, magari yenye namba za kigeni huonekana kwa bei ya kuvutia. Gari lisilolipiwa ushuru laweza kukamatwa, na chama kikabaki bila gari na bila fedha.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki kwenda kwa mwenye gari, na umiliki uhamishwe mara moja kwa jina la chama. Kuliandikisha kwa jina la mwenyekiti “kwa muda” kusikubaliwe hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa kuwa akifariki warithi wake watakuwa na kadi na chama kitakuwa na maelezo. Siku gari linapopokelewa, katibu aliingize katika rejista ya mali na kufungua daftari la safari lenye tarehe, kilometa, mzigo, mafuta na sahihi ya dereva. Kwa daftari hilo mkutano mkuu ujao utaweza kulinganisha hesabu ya kukisia na hesabu halisi.