Kila Mtu Ana Njia Aliyopitia

Wanakikundi, hadithi ya Simbi Nyaima twaijua sote. Bibi kizee mgeni alifika kijijini usiku wa sherehe, akafukuzwa. Mama mmoja tu ndiye aliyempokea. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, likabaki lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Hebu tujiulize: kuna aliyemwuliza bibi yule ametoka wapi? Mtu usiyejua habari zake ni rahisi kumfukuza.

Wageni wa siku zetu tunawajua pia. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wengi walirudi Nyanza kutoka Naivasha, Nakuru na kwingineko, wakakaa kwa jamaa zao, si kambini.

Tuseme mama mjane wa namna hiyo anaomba kuingia kikundi chenu. Mmoja ananong'ona, "Huyu ni wa kuja tu, akipata mkopo atatoroka." Basi, kabla ya kuamua, fanyeni hivi:

1. Wenyeji waanze. Msimsimamishe mgeni kama mshtakiwa. Mwenyeji aeleze kwanza: ukoo wetu ulitoka wapi? Nani alitupa pa kulima? Kwa Waluo, mtu anayekaa katika ardhi ya ukoo mwingine huitwa jadak, na neno hilo huuma. Lakini nani hakuhama? Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, aliishi Kanyadhiang', hapa karibu na Kendu Bay, kisha akahamia Kogelo, Siaya.

2. Choreni njia. Msimulizi achore safari yake chini kwa kijiti, aweke jiwe kila alipokaa. Mpeni dakika kumi bila kumkatiza.

3. Ulizeni maswali matatu tu. Uliacha nini? Nani alikupokea? Lini ulijiona umefika nyumbani? Msichochee lawama juu ya kabila fulani, maana huruma itageuka hasira. Kama jirani wa kabila lingine alimficha, hilo nalo lisimuliwe.

4. Msikilizaji arudie. Aseme, "Nimesikia kwamba…", na msimulizi amsahihishe. Mawaidha yangoje.

5. Msilazimishe. Asiyetaka kusimulia aachwe. Machozi yakija, nyamazeni naye. Yaliyosemwa hapa yabaki hapa.

Hadithi peke yake haijazi chungu. Mkimaliza, ulizeni: sasa tumejua, tutafanya nini? Sheria za mkopo zibaki zile zile kwa wote, kwani huruma si kufumba macho. Ila mpimeni mama huyu kwa kazi yake, si kwa njia iliyomleta. Huenda huko alikotoka alikuwa akiuza samaki, au alitunza fedha za chama miaka mingi, na ninyi mnatafuta mweka hazina.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kikundi chetu, nani amezaliwa mbali na hapa? Tumewahi kumsikiliza?
- Ni maneno gani tunayowaita wageni ambayo sisi wenyewe hatungependa kuitwa?
- Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwulize mzee wa kwao: tulifikaje hapa, na nani alitupokea?