Uso Uliopooza Zamani: Je, Waweza Kusogea Tena?

Labda umemwona sokoni Kabambare mtu ambaye upande mmoja wa uso wake umelala. Akicheka, mdomo huvutwa upande mmoja. Akinywa chai, chai humdondoka. Akilala, jicho moja hubaki wazi. Wengine husema amelogwa. Kanisani huketi nyuma kwa aibu. Basi tujifunze sababu yake, na msaada uliopo.

SABABU YAKE
Kila upande wa uso una mshipa wa fahamu unaopita karibu na sikio na kuamuru misuli ya uso. Mshipa huo ukiharibika, uso hupooza. Huharibiwa na jeraha, uvimbe, ugonjwa wa sikio, au ukoma, ambao ungali katika nchi yetu ya Kongo. Mara nyingine uso hupooza ghafula na sababu haijulikani. Wengi wa hao hupona, hasa wakipewa dawa katika siku 3 za kwanza. Lakini kama mkono pia umelegea au maneno hayatoki vizuri, mpelekeni hospitali saa ile ile.

MUDA UKIPITA
Msuli usiopata amri hukonda. Baada ya miaka 2 hivi, hata mshipa ukiunganishwa, mara nyingi msuli hauamki tena. Kwa hiyo mganga wa upasuaji huazima msuli mwingine ulio hai.

NJIA ZA UPASUAJI
1. Msuli wa panja. Weka vidole juu ya panja lako, kisha uma meno. Umesikia kitu kinachosogea? Msuli huo hutii mshipa mwingine, ule wa kutafuna, kwa hiyo haukupooza. Mganga huuvuta mpaka pembe ya mdomo. Kwa wagonjwa wa ukoma, kipande chake hupitishwa katika kope: mgonjwa akiuma meno, jicho hufumba.

2. Msuli wa paja. Mwaka 1976 Harii na wenzake wa Japani walieleza njia ya kuhamisha msuli mwembamba wa paja pamoja na mishipa yake, na kuushona usoni kwa kutumia darubini. Huunganishwa na mshipa wa kutafuna, au na mshipa wa upande mzima, kwa njia ya kipande cha mshipa kilichotolewa mguuni. Hapo mara nyingi hupasuliwa mara 2, na katikati ni miezi mingi ya kungoja.

3. Kutegemeza. Utepe mgumu wa paja huinua mdomo. Uzito mdogo wa dhahabu hutiwa katika kope la juu ili lishuke. Njia hizi hazirudishi kicheko, lakini husaidia sana.

Nakuambia kweli: uso hautakuwa kama wa kwanza, na si kila hospitali ifanyayo kazi hii. Tena mgonjwa hujizoeza mbele ya kioo miezi mingi: uma meno, cheka, uma meno, cheka.

JICHO HALINGOJI
Fikiri mama aliyejificha miaka 10 kwa aibu. Mdomo wake waweza kuinuliwa hata leo. Lakini jicho lake lilikauka, likapata kidonda, likapofuka, wala hakuna msuli wa kulirudisha. Basi fanya hivi:
– Tia dawa ya kulainisha jicho uliyopewa na mganga.
– Usiku lifumbe kwa plasta laini.
– Shambani na njiani vaa kofia au miwani.
– Mwenye ukoma hasikii maumivu vizuri. Ajitazame katika kioo kila siku.
– Usitie maji ya majani. Usichanje shavu.
– Jicho likiwa jekundu, usingoje kesho.

MASWALI
1. Kwa nini msuli wa panja haupoozi pamoja na uso?
2. Kitu gani chaweza kungoja, na kitu gani hakiwezi?
3. Ni nani katika kijiji chako utakayemwambia somo hili?