SOMO LA FIZIKI: RADIO YA MOTOKARI INAYOKATIKA WAKATI WA BARIDI



Siku moja nilitoka Butembo kuelekea Kisangani kwa motokari. Ilikuwa asubuhi sana, ukungu umejaa, na radio ilikuwa ikisoma matokeo ya Mtihani wa Taifa. Mama mmoja aliyekaa nyuma alingojea shule ya mtoto wake itajwe. Kabla haijatajwa, radio ikakatika, na mwangaza wake mdogo ukazimika. Shoferi akasema: «Mwalimu, hii radio iko na ugonjwa wa baridi. Fundi aliniambia ni batri, nikanunua mpya, lakini ni vile vile tu.» Jua lilipopanda, radio ikaamka yenyewe. Lakini orodha ilikuwa imekwisha kupita, na yule mama alisafiri siku nzima bila kujua.

Basi tujifunze: ugonjwa ule ulikuwa nini?

I. FIKIRI KABLA YA KUNUNUA

Je, ni batri? Hapana. Taa za mbele za gari zilikuwa zikiwaka vizuri, nazo zinakula umeme wa batri ile ile moja. Shoferi alipoteza feza zake bure.

Je, ni fyuzi? Hapana. Fyuzi iliyoungua haiponi kwa jua.

Je, ni mlima unaozuia mawimbi? Hapana. Mlima unaweza kukata sauti ya FM, lakini hauzimi mwangaza wa radio.

Basi umeme ulikatika njiani, mahali panapoachana kukiwa baridi na kushikana kukiwa moto.

II. SABABU YAKE

Kila chuma hujikunja kikipata baridi. Waya wa shaba wa sentimetre 10, ukipoa digri 20, unapunguka milimetre 0.034. Utasema: hiyo ni kitu gani? Ni karibu nusu ya unene wa unywele mmoja! Lakini umeme wa volti 12 hauwezi kuruka hata nafasi ndogo kama hiyo.

Tena, ndani ya radio kuna kibao, na juu yake vipande vimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu. Kibao na shaba havijikunji sawasawa. Kila usiku vinavutana, kila mchana vinasukumana, na gari nalo linatikiswa na mashimo ya barabara. Mwisho, risasi inapasuka duara nyembamba kuzunguka mguu wa kipande. Jioni tulipofungua ile radio, ufa kama huo ndio tuliouona, mahali umeme unapoingilia.

III. NAMNA YA KUTAFUTA

1. Tazama mwangaza. Ukizimika pamoja na sauti, fuata njia ya umeme: fyuzi, waya, na masi, yaani waya unaofungwa kwenye chuma cha gari. Mwangaza ukibaki na radio ikivuma tu «shshsh», angalia antene. Ukibaki na kimya kabisa, angalia spika na waya zake, kisha ndani ya radio.

2. Angalia saa ya kukatika. Kama ni wakati wa kuwasha mashini tu, si ajabu. Wakati wa baridi mafuta ya mashini ni mazito, kuwasha kunakula umeme mwingi, na volti za batri zinashuka kwa kitambo.

3. Radio ikiwa inalia, gongagonga pole pole kwa kijiti kikavu cha mti, kipande kwa kipande. Pale inapokatika au kurudi, kosa liko karibu.

IV. NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza fungua waya wa masi kwenye batri. Pasha moto mahali penye ufa kwa chuma cha kulehemu, ongeza risasi mpya kidogo, ngoja iyeyuke na kung'aa, kisha iache ipoe bila kutikiswa. Usivute moshi wake, na unawe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

V. NA HAPA KWETU?

Wengine watasema: Yahuma si milimani, hatuna baridi ya Lubero. Ni kweli. Lakini tuna umande wa asubuhi na unyevu wa pori, ambao unaleta kutu ya kijani kwenye shaba. Kutu ile inazuia umeme sawa na ufa. Radio inakataa asubuhi, inakubali saa sita. Dawa yake ni kufungua viungo, kuvisugua kwa karatasi ya msasa, na kuvikaza tena.

Kumbukeni, wanafunzi: kosa linaloonekana na kupotea lina sababu kama kosa lingine lolote. Msiseme «ni uchawi», wala msikimbilie dukani. Ulizeni kwanza: nini bado kinafanya kazi? Jibu la swali hilo litawaokolea feza nyingi.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini taa za gari zilitujulisha kwamba batri ni nzima?
2. Waya wa shaba wa metre 1 ukipoa digri 20, utapunguka milimetre ngapi?
3. Radio inavuma «shshsh» na mwangaza unawaka. Utaanzia wapi?