Ubunifu katika Kazi, Soko na Uongozi: Somo kwa Vyama vya Msingi

Kila mwaka ifikapo tarehe 8 Agosti, Sikukuu ya Wakulima, viwanja vya Nane Nane vya Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma, hujaa wakulima na wafugaji. Wengi wao hutazama mbegu, mashine na mifugo bora, hupokea makaratasi, kisha hupanda basi kurejea vijijini. Chama kilichorudi na makaratasi peke yake kimetembea tu. Chama kilichorudi na jambo moja la kujaribu, pamoja na njia ya kulipima, kimesoma. Somo hili lahusu jambo hilo moja.

Maana ya ubunifu

Wanachama wengi hudhani kwamba ubunifu ni kazi ya wataalamu au ya wenye fedha nyingi. Historia ya ushirika yaonyesha vingine. Watu wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, siagi, sukari na unga havikuwa vitu vigeni. Jambo jipya lilikuwa kuuza bidhaa safi, kwa vipimo vya haki na kwa fedha taslimu, na kumgawia kila mwanachama ziada kwa kadiri ya manunuzi yake.

Upo na mfano wa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi. Hawakuwa na vinu vya kuchambulia pamba wala mtaji wa kuinunua. Walichofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe wasimame penye mizani na kuhakiki uzito. Kutoka hatua hiyo ndogo vyama vya msingi viliendelea kuundwa, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Ubunifu, basi, ni kutafuta dawa mpya ya shida inayojulikana, kwa nyenzo zilizopo mkononi.

Katika kazi

Mkulima wa zabibu wa Dodoma anaijua shida yake. Zabibu zikishachumwa hazingoji. Baada ya siku chache huanza kuharibika. Wanachama wote wakivuna juma moja, mnunuzi hutaja bei apendayo, maana ajua kwamba mzigo hauwezi kurudi shambani.

Hata hivyo, katika nchi ya joto kama hii mzabibu huvunwa kwa kufuata siku uliyopogolewa, na zabibu huiva miezi minne hivi baada ya kupogoa. Chama chaweza kuwagawa wanachama katika makundi matatu au manne, kila kundi lipogoe kwa kupishana siku 10 au 14, ili mavuno yaje kwa zamu. Ratiba hiyo haihitaji mkopo. Yahitaji daftari, makubaliano, na ushauri wa Bwana Shamba, kwa sababu zabibu zinazoiva wakati wa mvua hushambuliwa kwa urahisi na magonjwa ya ukungu.

Katika soko

Kutafuta soko si kumngojea mnunuzi yule yule wa mwaka jana. Kwa Sensa ya mwaka 2022 Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179, na Soko Kuu la Job Ndugai lipo hapo hapo Nzuguni. Chama kilicho jirani hakina budi kujua, kabla ya kuvuna, ni wauzaji wangapi watachukua zabibu za mezani, kwa kipimo gani na siku zipi.

Zabibu zisizofaa mezani zaweza kukamuliwa au kukaushwa, lakini hesabu itangulie. Kilo 1,000 za zabibu hutoa lita 600 hadi 700 za maji yake. Kilo 4 hivi za zabibu mbichi hutoa kilo 1 ya zabibu kavu. Kwa hiyo, kilo ya zabibu kavu ikiuzwa kwa bei isiyozidi mara 4 ya bei ya kilo mbichi, chama kimepoteza kazi na vifungashio bure. Kadhalika mkulima wa alizeti anayeuza mbegu huuza mafuta na mashudu kwa bei moja, na wenye kuku na ng'ombe huja baadaye kuyanunua mashudu yale yale kwingine.

Katika uongozi

Hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni kwamba wanachama wengi hawakukielewa chama chao, na sauti yao katika mambo yake ilikuwa hafifu. Penye hali hiyo wazo jema la mwanachama hufia nyumbani kwake, na wazo baya la kiongozi halipati wa kulizuia.

Kiongozi mbunifu hutenga nafasi katika ajenda ya mkutano kwa ajili ya mapendekezo ya wanachama, wakiwemo vijana na akina mama washikao jembe. Lakini bidii haimpi ruhusa ya kuruka taratibu. Mashine inayonunuliwa kwa mkopo nje ya ukomo wa madeni, au pasipo idhini ya mkutano mkuu, huitwa maendeleo siku ya kuwasili na deni siku nyingine zote. Anayelilipa ni mkulima, kwa makato ya mazao yake.

Njia salama ni hii: jaribio liwe dogo, liwe na muda na kiasi cha fedha kilichoidhinishwa, liandikwe katika daftari lake, na matokeo yasomwe mbele ya wanachama, yawe mazuri au mabaya. Jaribio lililoshindwa likaandikwa ni ada ya somo. Lililoshindwa likafichwa ni wizi, hata kama hakuna aliyetia shilingi mfukoni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano

1. Ni shida gani moja iliyowapunguzia wanachama mapato msimu uliopita? Je, ipo sehemu yake inayoweza kuondolewa bila mkopo?

2. Wanachama wakipogoa kwa zamu, ni nani atavuna mwisho, na chama kitamlindaje iwapo bei itashuka?

3. Ni lini mara ya mwisho pendekezo la mwanachama wa kawaida liliandikwa katika muhtasari, na lilifikia wapi?