Hesabu za Biashara: Nani Amehesabiwa?



Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu hutoa kitabu cha hesabu za uchumi wa Kenya. Hesabu hizo zikisomwa redioni, wakulima wa skimu za Muhoroni na Songhor huja ofisini wakaniuliza: "Bwana karani, kwa nini tusikodishe mashamba, twende Kisumu tukafungue maduka?" Hebu tuzisome pamoja kwanza.

Mwaka 2023 walihesabiwa watu wapatao milioni 20 wenye kazi. Zaidi ya milioni 16 kati yao walikuwa katika kazi za jua kali, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa katika biashara, hoteli na mikahawa. Ukisikia hivyo utadhani nchi nzima inauza duka. Lakini jedwali lenyewe laeleza kwamba wakulima wadogo na wafugaji wa kuhamahama hawamo. Mimi karani nimo. Wewe uliyepalilia miwa mwaka mzima humo!

Sasa tazama leseni. Uchunguzi wa biashara ndogo na za kadiri uliofanywa mwaka 2016 ulipata biashara milioni 7.41, na zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Basi anayehesabu leseni peke yake huona biashara moja katika karibu kila tano. Uchunguzi huo huo uliona kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano, na kwa wastani zilifungwa kabla ya kutimiza miaka minne. Sababu iliyotajwa sana ni kukosa fedha za kuendeshea kazi. Habari hiyo husomwa kwa nadra redioni.

Tufanye hesabu kama ya darasani. Tuseme soko lina vibanda 10, na mauzo ya juma moja ni shilingi 60,000. Kila kibanda kinapata 6,000. Mwaka wa pili mauzo yamefika 72,000, lakini vibanda sasa ni 15. Gawanya: kila kibanda kinapata 4,800. Mauzo yamepanda, kazi zimeongezeka, na kila mwenye kibanda amepungukiwa shilingi 1,200. Tena hayo ni mauzo, si faida. Bado hujatoa bei ya bidhaa, kodi ya kibanda na nauli ya matatu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi karatasi ya kukodisha shamba, nenda Kibuye Jumapili mbili. Hesabu wanaouza kitu kile unachotaka kuuza. Uliza kila mmoja alianza lini, na ni jirani wangapi wameacha tangu mwaka jana. Andika yote katika daftari, ulilete ofisini pamoja na daftari lako la shamba. Mama watoto naye aje, kwa maana yeye ndiye auzaye mahindi kwa gorogoro, na bei anazijua kuliko sisi sote.